Nilimwambia Uko Njiani

Maabarani walimwita Barafu. Jina hilo alipewa na Fundi, siku walipokuwa wakiijaribu mashine mpya. Walimvalisha kofia, wakamwonyesha video za watu wakitukanana, wakamsomea barua ya uongo iliyosema utafiti wake wote ni takataka, na mistari kwenye skrini ikabaki imelala kama maji ndani ya ndoo. Fundi ndiye aliyeitunza mashine, na hakuna kitu alichoweza kukitazama bila kukifanyia mzaha. Akasema, "Huyu mkamhifadhi kwenye friji, joto likizidi tutamhitaji." Watu wakacheka. Naye akacheka. Jina likagandia hapo hapo.

Ukweli ni kwamba Barafu alikuwa na hasira ya miaka miwili, na alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea kijiwe ndani ya kiatu: alijifunza kukanyagia upande.

Mama yake alifariki wiki ile ile aliyokuwa akifanya mitihani ya kuingilia shahada ya uzamivu, katika mji ulio mbali na kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kila alipopiga simu nyumbani, aliyepokea ni kaka yake. "Mama amelala." "Mama anaoga." "Mama anakusalimu, anasema usome." Mtihani wa mwisho ulipokwisha, kaka alimpigia mwenyewe, akamwambia akae chini kwanza. Mama alikuwa ameshazikwa. Barafu alipofika nyumbani alikuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari, na mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akifua mashuka uani. Wachache waliojua siri hiyo, marafiki wa kaka yake, walimwambia kwamba kaka ametumia busara. "Angekwambia ungefeli. Sasa umefaulu, na mama yako amefurahi huko aliko." Barafu akaosha vyombo, akapokea pole, akarudi chuoni. Neno moja la ukali halikumtoka. Kila mtu akamsifu kwa uvumilivu wake, na kila sifa ilimwingia kama mwiba.

Utafiti wake ulihusu hasira za ndugu. Watu wawili wa familia moja, wenye jambo wanalolumbania, waliketishwa wakitazamana, kila mmoja na kofia nyeusi ya kubana iliyojaa vitaa vidogo na vipokezi. Mwanga wa vitaa hivyo macho hayauoni, lakini unapenya ngozi na mfupa hadi tabaka la juu la ubongo, kisha kiasi kidogo kinarudi. Damu yenye oksijeni nyingi na ile iliyokwisha kuitoa haziunyonyi mwanga huo sawasawa, kwa hiyo kilichorudi kilieleza ni wapi ubongo unahangaika zaidi. Washiriki aliwaeleza kwa njia nyepesi: "Umewahi kuziba tochi kwa kiganja ukaona vidole vyote vyekundu? Ndiyo hiyo hiyo, ila sisi tunafanyia kichwani." Uzuri wake ni kwamba mtu halazwi ndani ya bomba lenye makelele. Anakaa kwenye kiti, anapunga mikono, anagombana kama watu wanavyogombana nyumbani kwao.

Kulikuwa na sharti moja ambalo Barafu alilitunga mwenyewe na kamati ya maadili ikalipitisha. Jambo la kulumbania liwe la wastani: nani hasaidii kazi za nyumbani, nani amevunja kioo cha nani. Yale mazito yasiguswe. Alikuwa na sababu zake.

Sasa, ndugu wenye ugomvi wamejaa duniani. Ndugu wenye ugomvi wanaokubali kupanda lifti moja Jumanne asubuhi ni wachache. Mkutano mkubwa wa wanasaikolojia ulikuwa unakaribia, majina ya washiriki yalikuwa hayajatimia, na siku hiyo dada wawili waliotarajiwa walipiga simu kusema wamepatana.

"Wamepatana!" Fundi akashika kichwa. "Watu hawana haya kabisa."

Profesa hakucheka. Alikuwa mwanamume wa sauti ya taratibu, mwenye desturi ya kuzungumza na mtu huku akimwekea mkono begani, na kila mwanafunzi wa kike kwake alikuwa "binti yangu".

"Binti yangu," akamwambia Barafu, "wewe si una kaka?"

"Ninaye."

"Mnaelewana?"

"Kama watu wengine."

"Basi mlete. Utaratibu unaruhusu. Nitasimamia mwenyewe, kwa kuwa wewe utakuwa mshiriki. Sijawahi kukuomba jambo."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo, kwani alikuwa akimwomba jambo kila wiki, lakini Barafu alikubali. Pengine alitaka pia kumwona kaka yake mahali ambapo yeye ndiye mwenyeji. Alimpigia simu jioni ile, na kaka yake, aliyekuwa seremala, mtu mzima mwenye karakana yake na wanaomtegemea, alifurahi hata Barafu akaona aibu kwa niaba yake.

"Mimi? Kwenye kazi yako? Nakuja, mdogo wangu. Hata kesho nakuja."

Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya harusi. Alisalimia kila mtu, hata mlinzi wa korido kwa mara ya pili. Alizitazama meza za maabara, akapitisha kidole kwenye kingo, akanyamaza kwa adabu kama mgeni aliyepewa chai baridi. Profesa akamchukua ofisini kwake kwa mahojiano ya awali, akafunga mlango. Hapo Barafu alisita. Mahojiano ya awali huwa mafupi, watu huchagua mada yao na kutoka. Haya yalichukua muda mrefu. Alimsikia kaka yake akikohoa kule ndani, kikohozi kile anachokitoa anapokosa la kusema.

"Wanaongea nini?" akamuuliza Fundi.

"Labda Profesa anataka kabati."

Walipotoka, kaka yake alikuwa na macho mekundu. Alisema ni vumbi la mbao, limemzoea.

Kumvika kofia kulikuwa kazi. Nywele nyeusi, nzito, humeza mwanga, kwa hiyo lazima uzitenganishe kwa kijiti, kitaa kimoja baada ya kingine, mpaka ngozi ionekane. Barafu alimfanyia mwenyewe. Nywele za kaka yake zilikuwa na chembe za mbao ndani kabisa, hata baada ya kuoga na kujipaka mafuta, na akajikuta anazitoa moja moja kwa kucha kama mtu anayemchambulia mtoto. Walikuwa hawajagusana tangu siku za viti vya kukodi.

"Inaumiza?" akauliza.

"Hapana. Inabana kama kofia ya shule."

"Usikaze taya wakati tunazungumza. Misuli ya panja ikicheza inatuharibia kila kitu."

"Sawa, daktari."

"Mimi si daktari bado."

"Utakuwa," akasema, na sauti yake ikatetemeka kidogo. Barafu alidhani ni woga wa mashine.

Walikaa wakitazamana kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, isipokuwa kioo kimoja cha giza ambacho nyuma yake waliketi Profesa na Fundi. Mada waliyopewa ilikuwa ndogo, ile Barafu aliyoichagua: kaka hapigi simu. Kwa kuanzia walizungumza kama watu waliojipanga foleni benki.

"Hupigi simu," Barafu akasema.

"Kazi nyingi."

"Kazi nyingi, lakini picha za makabati unatuma kwa kila mtu."

"Yale ni matangazo. Nawe unaweza kupiga. Simu ina pande mbili."

"Mimi nikipiga unaniuliza hali ya hewa."

"Na wewe unanijibu hali ya hewa! Nikuulize nini? Ukiongea na mimi ni kama mtu anaongea na ofisi ya maji."

Hapo Barafu alitabasamu kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mazungumzo yakaanza kulainika. Kisha taa ndogo ya kijani iliyokuwa juu ya kioo, ambayo kwa kawaida haikutumika kwa lolote, ikawaka. Kaka yake akaitazama. Akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, kama mtu aliyeagizwa kupigwa picha.

"Mdogo wangu, kuna jambo sijakwambia."

"Jambo gani?"

"Siku ile ya mwisho, Mama alikuulizia."

Barafu aliacha kutabasamu.

"Asubuhi alikuulizia, mchana akakuulizia. Akasema, 'Mwanangu yuko wapi?' Mimi nikamwambia uko njiani. Nikamwambia basi limechelewa, lakini uko njiani. Akasema basi msifunge mlango. Tukauacha wazi. Kila mtu akiingia alikuwa anageuza kichwa kuangalia. Mpaka jioni."

Ubongo una haraka, damu ina mwendo wake. Jambo likimpata mtu, damu hufika baadaye kidogo, na Barafu aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale. Kwa muda mfupi mistari yake haikusogea. Fundi alisema baadaye kwamba alidhani waya umechomoka. Kisha mistari yote ikaruka pamoja, ikavuka juu ya skrini.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba uko njiani."

"Nilikuwa bwenini! Nilikuwa nakula mkate mkavu nasoma takwimu, nimekupigia simu saa ile ile, ukaniambia anaoga!" Alikuwa amesimama. Waya zilimvuta kichwa nyuma, akazivuta mbele. "Alikuwa anaoga? Kaka, alikuwa anaoga?"

"Nilitaka ufaulu..."

"Nani alikwambia nataka kufaulu kuliko kumwona mama yangu? Nilikutuma? Nilikuandikia? Basi la usiku lipo kila siku! Ningepanda, ningefika, angeniona! Umemfanya afe akinitazama mlangoni! Amekufa akijua mwanawe amechelewa!"

"Punguza sauti, watu wanasikia..."

"Wasikie!"

Kaka yake alianza kulia, mikono bado juu ya magoti. Na hapo kwenye kipaza sauti cha chumba, kilichokuwa wazi kwa kuwa Fundi alikuwa ameshakibonyeza ili asimamishe zoezi, ikasikika sauti ile ya taratibu ya Profesa:

"Usizime. Acha iendelee. Hii ndiyo yenyewe."

Barafu alikitazama kioo, ambacho hakikumwonyesha chochote isipokuwa yeye mwenyewe na vitaa kichwani. Akamgeukia kaka yake.

"Kwa nini umeniambia leo?"

"Yeye aliniambia nikwambie." Kaka yake alinyoosha kidole kwenye kioo. "Aliniuliza ni neno gani likisemwa utaumia sana. Nikamwambia hilo siwezi kulisema. Akasema litakusaidia kazi yako, utamaliza mapema, na wewe pia utapona. Akasema taa ya kijani ikiwaka nikwambie. Mimi nikadhani unajua. Nikadhani ndivyo mnavyofanya hapa."

Barafu aliivua kofia. Haivuliwi hivyo, inatakiwa kulegezwa kamba ya kidevuni kwanza na mtu wa pili ashikilie waya, lakini aliivua kwa mkono mmoja na nywele kadhaa zikabaki ndani yake. Akatoka, akafungua mlango wa pili.

Profesa alikuwa amesimama tayari, mikono mbele, uso wa mtu anayekwenda kwenye msiba.

"Binti yangu, kwanza pole sana. Najua ni..."

"Ulijua."

"Kaa kwanza."

"Ulijua Mama aliniulizia. Ulijua kabla yangu. Ulikaa na kaka yangu mle ndani mkazungumza kifo cha mama yangu, ukatoka, ukaniuliza kama nimekunywa chai!"

"Sikiliza. Tumepata kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipata. Hasira halisi, kati ya ndugu halisi, kwa wakati wake. Zile za wastani, wewe mwenyewe unajua, hazitoi kitu. Ndugu wanabishana kuhusu vyombo, mistari inalala. Hii..." Alionyesha skrini kwa kidole. Alishindwa kujizuia, macho yake yalikwenda kwenye skrini kama ya mlafi kwenye sahani ya jirani. "Bahati mbaya kipande cha katikati tutakikata, ulikaza taya sana, misuli imeingilia. Lakini mwanzo na mwisho ni safi kabisa."

Fundi aliinamisha kichwa. Alijua kwamba kuna maneno mtu akiyasema hayaokoteki.

"Utakikata," Barafu akasema polepole. "Kile kipande nilichokuwa namlilia mama yangu utakikata. Ni kelele."

"Kitaalamu, ndiyo, ni..."

"Usiniambie kitaalamu! Kitaalamu nimekufundisha mimi namna ya kuisafisha! Futa. Futa zote, zangu na zake. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Nimeiandika sentensi hiyo mimi. Najitoa."

"Tuzungumze kesho, ukiwa umetulia. Hasira ni hasara, binti yangu."

"Mimi si binti yako! Mimi nina mama, na amekufa, na umemtumia kama betri!"

Alisema na mengine. Fundi hakuyarudia kwa mtu yeyote, ila alikiri kwamba mawili matatu yalikuwa mapya kwake, naye alikulia gereji. Watu wa ofisi za jirani walitoka koridoni na vikombe mkononi. Barafu aliwapita kama hawapo.

Kaka yake alimfuata mpaka kwenye maegesho, akitembea kwa shida kwenye viatu vile vya harusi, alama nyekundu za vitaa zimemjaa kwenye paji la uso.

"Ingia garini, nikupeleke nyumbani."

"Siingii."

"Mdogo wangu, nimekosea. Lakini yule mtu ni profesa wako. Mimi ni nani wa kumbishia?"

"Wewe ni nani?" Barafu akasimama katikati ya njia, gari nyuma yake likapiga honi, akaligeukia na kuliambia lisubiri. "Wewe ndiye uliyeamua mimi nisimwone Mama. Peke yako, bila kuuliza mtu. Wakati ule ulikuwa mkubwa, ulikuwa baba, ulikuwa kila kitu. Leo mtu baki anakwambia mpige dada yako kifuani, unasema wewe ni nani?"

"Nilidhani nakusaidia."

"Ndivyo ulivyodhani na wakati ule. Kila mtu ananisaidia! Naomba basi mniache nisisaidiwe!"

"Unadhani mimi silali nayo?" Sasa naye sauti ilipanda. "Unadhani mimi ilikuwa rahisi? Wewe ulikuja kila kitu kimekwisha, ukaosha vikombe, ukaondoka. Hukuniuliza hata swali moja! Miaka miwili! Nilingoja unitukane. Nilikuwa napokea simu yako nasema leo atanitukana. Wewe unanijibu hali ya hewa!"

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo. Nenda nyumbani, Kaka."

Akaenda zake kwa miguu. Kaka yake alibaki amesimama na ufunguo mkononi mpaka yule mwenye gari akapiga honi tena.

Barafu hakulala kitandani mwake siku ile, alilala sakafuni, kwa kuwa kitanda kilikuwa laini mno kwa alivyojisikia. Asubuhi alikwenda ofisi ya kamati ya maadili. Aliandika malalamiko kwa mkono wake, kurasa zote, bila kumwomba mtu ushauri. Wanafunzi wenzake walimwambia amepandwa na wazimu. Profesa ndiye anayesaini, Profesa ndiye anayejulikana, ukishindana na tembo utalala kwenye nyasi. Mmoja alimwambia angesubiri apate shahada kwanza, ndipo aseme.

"Ndiyo," Barafu akajibu. "Huo ni ushauri niliowahi kupewa. Mtihani kwanza."

Aliyemtia wasiwasi ni Fundi. Mkataba wake ulikuwa wa kuhuishwa kila mwaka, na mwenye kuhuisha ni Profesa. Alimkuta nyuma ya mashine, amechuchumaa, anafunga waya ambazo hazikuhitaji kufungwa.

"Wataniita?" akauliza bila kugeuka.

"Watakuita."

"Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi akikasirika anajirusha mwenyewe chomboni. Nimekaa na mvuvi yule miaka mingi, nimemsafishia nyavu. Siku ile nilipobonyeza kile kipaza sauti nilitaka kusema 'basi, tosha.' Akanishika mkono." Akasimama, akafuta viganja kwenye suruali. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha usoni. "Wakiniuliza nitasema alichosema. Wasiponiuliza nitasema pia, kwa sababu mke wangu amekataa kunipikia mpaka niseme."

Kikao kilifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti alikuwa daktari mwanamke mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Profesa alieleza vizuri sana. Alisema washiriki wote wawili waliridhia. Alisema hisia haziwezi kuchunguzwa kwa kuziogopa. Alisema alimpenda mwanafunzi huyu kama mwanawe, na kwamba aliamini, hata sasa, kwamba siku moja atamshukuru, maana jambo lililokuwa limefungwa sasa limefunguka. Wajumbe wawili wakatikisa vichwa kwa kukubali. Barafu aliwaona.

Ilipofika zamu yake alianza kwa sauti ya kawaida, na kabla hajamaliza sentensi ya pili sauti ikawa nyingine.

"Tunaomba utulivu," akasema mjumbe mmoja.

"Nimetulia miaka miwili, mheshimiwa. Leo sitatulia. Andikeni kwamba alipiga kelele." Akaweka viganja vyake mezani mbele yao wote. "Sikuridhia. Niliridhia kugombana kuhusu simu. Yeye alikwenda kwa kaka yangu akachimba mpaka akapata kitu kizito kuliko vyote alichonacho, akamwambia akitupe usoni kwangu taa ikiwaka. Neno la mwisho la mama yangu, jamani. Lilikuwa la kwangu. Ningeambiwa na kaka yangu siku moja, au nisingeambiwa kabisa, hilo ni letu sisi. Yeye amelifanya swichi. Kisha anasema amenifungua. Nani alimpa ufunguo?"

Mwenyekiti akamgeukia Profesa. "Uliijua habari hii kabla ya binti?"

"Katika mahojiano ya awali, ilijitokeza."

"Ilijitokeza, au uliiuliza?"

Profesa akafikiri. "Niliuliza kwa njia ya jumla."

Ndipo wakamwita Fundi.

Mambo yaliisha nusu, kama yanavyoisha mengi. Data za siku ile zilifutwa mbele ya mashahidi. Utafiti wote ukasimamishwa, pamoja na kazi ya Barafu ya miaka miwili, kwa kuwa ilikuwa chini ya jina la Profesa. Profesa alipewa onyo na kukatazwa kuchunguza binadamu kwa muda, lakini ofisi yake haikuguswa, na kwenye mkutano ule mkubwa alikwenda akazungumza juu ya mada nyingine, akapigiwa makofi. Barafu alihamishiwa kwa msimamizi mpya, mama mmoja mkimya aliyechunguza usingizi wa watoto wachanga kwa mwanga ule ule. Alitakiwa kuanza upya kabisa. Watu walimpongeza kwa ushindi. Alipokuwa akihamisha vitu vyake alikutana na Profesa kwenye ngazi, na Profesa akampisha, akatabasamu, akasema, "Nakuombea mema, binti yangu." Barafu alihisi hasira ile inapanda kutoka kwenye nyayo, mpya, kama haijawahi kutumika. Akashuka ngazi. Hakujilaumu kwa kuwa nayo.

Kaka yake alikuja siku chache baada ya uamuzi. Hakupiga simu kwanza. Barafu alifungua mlango akamkuta na mkoba wa zana begani, ametoka kazini moja kwa moja, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama mdogo amenigombeza," akasema pale pale mlangoni. "Amegundua kwamba siku zile hukuwa umeambiwa. Mimi nilimwambia umekataa kuja, una mitihani. Miaka miwili alikuwa amekununia kumbe. Leo nimemwambia ukweli. Amenirushia kiatu."

"Kilikupata?"

"Kilinipata."

"Afadhali."

Alisimama hajui aingie au asiingie. Barafu alimwacha asimame. Majirani walipita, wakasalimia, wakapita. Mwishowe akasogea pembeni, naye akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti asikichafue.

"Nimekuja kuomba radhi," akaanza. "Nimefikiria sana namna ya kusema. Kwanza..."

"Sitaki radhi."

"Unataka nini? Niambie, nitafanya."

Barafu alikaa mbele yake. Alikuwa amekonda, na mdomo wake ulikuwa umekaza, na taya alizikaza alivyotaka.

"Sijakusamehe," akasema. "Sijui kama nitakusamehe, na usiniulize kila ukija. Lakini wewe ulikuwa mle chumbani, mimi sikuwemo. Ninajua siku moja tu, tena umenipa kwa sababu ya taa. Nataka zote. Alianza kuumwa lini? Alilala upande gani? Nani alimnywesha maji? Nani alikaa mlangoni? Usiruke kitu kwa kunionea huruma. Ukiruka nitajua, na nitakufukuza."

"Utakasirika."

"Nitakasirika. Kaa ukijua hivyo. Anza."

Kaka yake aliushusha mkoba sakafuni. Akakohoa kile kikohozi chake, akaangalia viganja vyake.

"Ilikuwa Jumatatu," akasema. "Alikuwa anapiga pasi. Akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi, nikamwambia ni..."

"Ulimwambia ni nini?"

"Nikamwambia ni uchovu, apumzike."

"Ulimwambia apumzike!" Barafu akapiga meza kwa kiganja. "Mkono wa kushoto, Kaka! Hukumpeleka hospitali?"

"Nilimpeleka Jumatano."

"Jumatano!"

"Si umesema nisiruke?"

Barafu aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Akakaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Jumanne," akasema. "Umeruka Jumanne. Rudi nyuma."

Kaka yake akavuta pumzi, akarudi nyuma.